Kiwanja cha Magudju Hakiuzwi

Mama yangu mpendwa,

Mhariri wangu aliniomba makala kuhusu bei za viwanja na gharama za kujenga nyumba za kuishi mjini Moroni. Nilimwambia kwamba bei anazo kila dalali, na kila dalali ana zake. Nikamwambia pia kwamba mtu pekee niliyewahi kumfahamu aliyejenga katika mji huu huku akijua kila jiwe limemgharimu nini ni wewe, na wewe umeshazikwa. Akasema, basi mwandikie yeye. Nadhani alikuwa anatania. Nimemtii hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyotoka nayo Unguja ulikozaliwa kabla babu hajairudisha familia Mutsamudu, kisiwani Nzwani, lugha ambayo mimi na wewe tuliisema ndani tulipotaka majirani wachoke kutusikiliza. Leo nataka wasikilize. Barua hii itachapishwa.

Nianze na baba, kwa kuwa gharama ya kwanza ilikuwa yeye. Alikuoa Mutsamudu alipokuwa karani wa forodha kule, akakuleta kwao Moroni, hapa Ngazija, katika vyumba viwili vya kupanga. Miaka ikapita. Kisha akafanya lile ambalo kila mwanamume wa Ngazija anayetaka kuitwa mtu mzima hulifanya: harusi kubwa, na mwanamke wa mji wake mwenyewe, yenye ng'ombe na mchele na dhahabu, mji mzima ukishuhudia. Na desturi ya hapa unaijua: mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke. Baba yake na kaka zake humjengea tangu angali mtoto. Basi baba alikunja kanzu zake akahamia kwa mke mpya. Hakukuacha, alikuja kila Ijumaa na samaki. Lakini kodi ya nyumba ikawa yako.

Wewe nyumba hukuwa nayo. Nyumba ya mawe ya bibi, katika vichochoro vya mji wa kale wa Mutsamudu, ilikwenda kwa Mama Mkubwa kwa kuwa ndiye binti wa kwanza. Kaka hukuwa naye hata mmoja. Baba yako alikuwa kaburini. Mwanamke asiye na wa kumjengea hakuwa na jina katika mji huu. Watu walisema tu "yule anayekaa kwa watu". Na mimi, binti yako wa pekee, ningeposwa niingie wapi, na mume ahamie wapi?

"Nitajenga mwenyewe," ulisema.

Nilicheka.

"Cheka, lakini fanya haraka ufunge mlango. Sonara anafunga adhuhuri."

Tulikwenda kwa sonara na bangili zako zote, tukarudi mikono mitupu. Wiki hiyo hiyo ukanunua kiwanja mtaa wa Magudju, hapa Moroni, kutoka kwa bwana mmoja mcheshi aitwaye Mmadi. Mlikwenda kwa kadhi, hati ikaandikwa, nakala ikapelekwa serikalini. Kwetu Mutsamudu ndivyo ardhi inavyonunuliwa na mtu hulala usingizi. Kiwanja chenyewe kilikuwa mwamba mweusi wa volkano, mkali kama meno ya msumeno, hakuna hata kiganja kimoja cha udongo. Vibarua walianza kuuvunja kwa nyundo. Bendera ya uhuru ilipopandishwa mwezi wa Julai, mwaka wa sabini na tano, watu walikuwa barabarani wakiimba, na sisi tulikuwa Magudju tukiokota vipande vya mwamba. Kabla haujapita mwezi mmoja, serikali ya uhuru ilikuwa imepinduliwa. Msingi wetu ulikuwa umefika magotini.

Asubuhi moja tukamkuta mwanamke amekaa juu ya msingi ule. Ametandika mkeka, amepaka liwa usoni, ametulia kama mtu aliyefika kwake.

"Bweni," alikuita kwa heshima, "umepotea njia?"

"Nimefika. Hapa ni kwangu."

"Nani kakuuzia?"

"Mmadi."

"Mmadi kaka yangu?" Alicheka mpaka mtandio wake wa shiromani ukamvuka begani. "Mmadi hana hata pa kuegeshea fimbo hapa. Hii ardhi ni ya bibi yetu. Mwanamume hulima, hulinda, hupita. Hauzi."

Huyo ndiye Bi Mwanaesha. Siku hiyo ndipo ulipojua manyahuli ni nini: ardhi ya tumbo, inayotoka kwa mama kwenda kwa binti, isiyouzwa wala kugawanywa, na ambayo kaka ni mlinzi wake tu. Hati ya kadhi ilikuwa halali. Alichouza Mmadi ndicho hakikuwa chake. Na mtaa mzima ulijua! Ulipomwendea mwenye duka wa pembeni, aliyekuuzia chai kila siku vibarua walipokuwa wakivunja mwamba, ukamuuliza kwa nini hakukuambia, alikuangalia kwa mshangao wa kweli.

"Tulidhani unajua. Nani asiyejua?"

Watoto wa mtaa walipata la kusema: Mnzwani kanunua kivuli.

Tulimfuata Mmadi. Tulimkuta katika nyumba ya mkewe mpya, amevaa joho, maana alikuwa ametoka kufanya harusi yake kubwa. Hakujificha. Alituletea viti.

"Dada yangu, pesa zimeliwa."

"Na nani?"

"Na mji. Ng'ombe, mchele, ngoma. Hata wewe umekula. Si uliletewa sahani?"

Ulinigeukia. Nilikumbuka ile sahani; nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Njiani, tulipofika msikitini, ukasimama ukashika kiuno. "Mume kachukuliwa na harusi. Kiwanja kimechukuliwa na harusi. Tena nyama yake nimeila, na nikaomba pilipili." Ukacheka, na watu wakageuka kutuangalia. Mama, watu wengi husimulia habari za uhodari wako kwa kuutia asali. Mimi naandika nilichokiona: ulicheka, kisha kwa siku mbili hukuweza kula.

Mambo nchini yakabadilika upesi. Wafaransa waliondoka na misaada yao, makarani wakafukuzwa kazi, na wanafunzi wa rika langu wakakabidhiwa kamati za mitaa. Harusi kubwa ilipigwa marufuku. Wazee waliokuwa wakitembea na fimbo za heshima waliitwa mikutanoni wakasemwa mbele ya wajukuu wao. Ndipo alipokuja Abdu, aliyekuwa akikaa nyuma yangu darasani, sasa ni mkubwa wa kamati, nyuma yake wenzake wawili.

"Mama, habari njema. Manyahuli ni ukabaila. Imefutwa. Kiwanja ni chako."

"Nani kanipa?"

"Kamati. Wewe njoo tu mkutanoni, useme mbele ya watu jinsi yule bibi alivyokuzuia."

"Kamati ina umri gani?"

"Tumechaguliwa na—"

"Nimeuliza umri, mwanangu."

Abdu alinitazama, nami nikatazama juu. "Kumi na tisa," alisema.

"Nyumba hukaa miaka mia. Nikipewa na wa kumi na tisa leo, kesho atakuja wa ishirini aninyang'anye. Nenda kamsalimie mama yako."

Nataka wanaosoma waelewe ulichokikataa. Ulikuwa umeuza kila kitu. Serikali yenyewe ilikuwa mlangoni inakupa ardhi ile bure, na kitu pekee ilichokitaka ni umwaibishe mwanamke ambaye kaka yake alikuibia. Nusu ya mji ingekuelewa. Mimi mwenyewe nilikwambia uende. Uliniambia nifunge mdomo, ukajifunga shiromani, ukaenda peke yako kwa Bi Mwanaesha. Nikakufuata kwa nyuma.

Hukuenda kumwomba wala kumfariji. Ulikwenda kufanya biashara.

"Bi Mwanaesha, mimi nina msingi usio na ardhi. Wewe una ardhi isiyo na msingi. Binti yako Zaliha ana nini?"

"Ana kaka watatu wamefukuzwa kazi serikalini," alisema. "Wanamjengea kwa midomo."

"Basi nitajenga nyumba mbili. Ukuta mmoja katikati, tangi moja la maji. Upande mmoja wa Zaliha, mmoja wa binti yangu. Ujenzi juu yangu. Ardhi juu yako."

Bi Mwanaesha alikupima kwa macho. Alikuwa amesikia habari za Abdu. Mtaa ule habari hazilali.

"Haitauzwa," alisema hatimaye.

"Haitauzwa."

"Itakwenda kwa binti, na binti wa binti. Kwako wakikosekana, itarudi kwetu."

"Na kwako wakikosekana?"

Alicheka. "Wewe ni mwanamke wa hatari. Itakwenda kwenu."

Hamkuandika kitu. Badala yake ulipika. Ulipika wali na pweza wa nazi kwenye mwamba wa kiwanja, ukawaita wanawake wote wa mtaa, na mwenye duka ukamketisha mbele kabisa. Bi Mwanaesha akayasema masharti kwa sauti, kila mmoja akayasikia akitafuna. "Mji ulikula ardhi yangu," uliniambia ukipakua. "Sasa na ule ushahidi."

Leo wenye makampuni ya nyumba wanauita mpango wa namna hiyo ubia. Wana wanasheria wa kuuandika na wanasheria wengine wa kuuvunja.

Kilichofuata ni gharama zenyewe, na hapo ndipo wengi wangekomea. Saruji haikuwepo. Meli zilikuja chache, na mifuko iliyoshuka ilikwenda kwenye majengo ya serikali yaliyokuwa yakijengwa visiwa vyote. Iliyotoroka bandarini iliuzwa kwa bei ya kumtukana mnunuzi. Ukakata shauri kwamba utajenga kama walivyojenga waliojenga Mutsamudu: kwa chokaa ya matumbawe.

Tulikwenda Mutsamudu. Mama Mkubwa alitupokea mlangoni pale kichochoroni, akatukalisha, akatulisha, halafu akakuuma.

"Unajenga kwa Wangazija? Watu wanaokuuzia kitu cha dada zao? Rudi nyumbani."

"Nyumbani ni kwako, dada. Ndivyo ilivyo, wala sina kinyongo. Lakini sitazeeka nikiomba chumvi jikoni kwa dada yangu."

"Chumvi yangu ina nini?"

"Ina wewe."

Mama Mkubwa alikasirika mpaka alasiri. Kisha akakupeleka yeye mwenyewe kwa waliokuwa wakichoma chokaa njia ya Wani, akabishana nao kwa niaba yako kwa ukali ambao hata wewe hukuwa nao. Tulirudi Moroni kwa boti ya mizigo, na magunia ya chokaa yaliyofunikwa maturubai, na mwashi wa Mutsamudu aitwaye Fundi Saidi, ambaye alitapika njia nzima na kutulaumu sisi.

Fundi Saidi aliuchukia mwamba wa Ngazija tangu siku ya kwanza. Aliliinua jiwe, akalipuliza. "Hili si jiwe, hili ni mkate." Alikuwa na haki ya kulalamika. Jiwe la volkano lina matundu, linakunywa chokaa. Ukuta uliokisiwa magunia kumi kwa mawe ya Mutsamudu ulikula zaidi ya kumi na tano. Ulisafiri tena kuleta mengine. Na maji! Mutsamudu mto unapita mjini, fundi anachota anachanganya. Moroni hakuna mto. Mtu hunywa mvua aliyoivuna kwenye bati. Kwa hiyo ulilazimika kujenga tangi kabla ya nyumba, na tangi lilikugharimu sawa na vyumba viwili, kisha tukakaa tukiangalia mawingu.

Abdu alipita siku moja akatukuta tumekaa hivyo. "Mama, bahari yote ile, mnangoja mvua? Changanyeni maji ya bahari."

Fundi Saidi hakunyanyua hata kichwa. "Kwa nyumba ya kamati, sawa. Ukuta ukitoa jasho la chumvi mtausema mkutanoni."

Abdu alicheka, na nilimpenda kidogo siku hiyo kwa kucheka kwake. Kesho yake alileta mapipa mawili ya maji matamu juu ya gari la kamati, akayashusha bila kueleza. Ulimpa chai. Hukumshukuru zaidi ya hapo.

Kisha serikali hiyo ya mapinduzi ikachoma nyaraka za serikali za zamani. Moshi tuliuona kutoka Magudju. Majirani waliokuwa na hati zao pale walikimbia barabarani wakilia, na mimi nikakukimbilia: nakala yako nayo imo mle. Ulikuwa umepiga magoti unapiga lipu, ukutani kwa upande wa Zaliha.

"Ile ya Mmadi?" uliuliza. "Iache iungue. Ilikuwa na uongo."

Nyumba ilikwisha kabla mapinduzi hayajakwisha. Waliokuja kuyapindua walipofika kwa silaha, mwaka wa sabini na nane, tulikaa ndani siku ile, wewe na Bi Mwanaesha mkigongeana ukuta wa katikati kila mara kuulizana kama mu wazima. Wazee walirudisha fimbo zao. Harusi kubwa zilirudi. Mmadi alirudi pia, akadai kwa utawala mpya kwamba dada yake alitoa ardhi ya ukoo kwa mgeni wakati wa fujo. Kadhi alikuja kuangalia mwenyewe. Alimuuliza mwenye duka, akauliza mlango wa pili, wa tatu, na kila mlango ulitoka mwanamke akayasema masharti yale yale, wengine wakiiga sauti ya Bi Mwanaesha mwenyewe. Kadhi alimwambia Mmadi arudi kwa mkewe. Wewe hukwenda hata mlangoni. Ulikuwa unachuja maji ya tangi.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka arubaini, Mama. Nimekaa kwenye mikutano ya mawaziri watano wa ardhi, na kila mmoja aliniambia kwamba tatizo la makazi Moroni ni desturi: manyahuli haina hati, isiyo na hati haina mkopo, isiyo na mkopo haina jengo. Niliandika walichosema, maana ndiyo kazi yangu. Sasa naandika nilichokiona. Niliona hati ikimwibia mwanamke na desturi ikimrudishia. Niliona pia desturi hiyo hiyo ikimchukua mume wako na kutuacha na kodi, kwa hiyo siipigii vigelegele. Ninachosema ni kwamba uliichukua kama ulivyolichukua lile jiwe lenye matundu: uliijua inakunywa kiasi gani, ukajenga.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kampuni inayojenga nyumba za kuuza. Vijana wawili, viatu safi, heshima nyingi. Magudju sasa imebanana mpaka teksi inakunja vioo ili ipite, na kiwanja kama chako hakipatikani. Wanataka kubomoa nyumba zote mbili, wapandishe ghorofa za kuwauzia ndugu zetu walioko Ufaransa. Walinionyesha makisio yao. Ardhi imechukua karibu yote. Nyumba yako wameiandika kama gharama, gharama ya kubomoa. Wana wa kiume wa Zaliha wamewapigia simu kutoka Marseille, wanaona ni busara. Wanangu wa kiume nao wanaona ni busara. Wote wanakaa katika nyumba za wake zao.

Zaliha amekuwa mzito wa magoti lakini masikio yako pale pale. Vijana wale waliuliza ni nani mwanamume wa familia atakayetia sahihi.

"Yupo makaburini, mjomba Mmadi," alisema Zaliha. "Na hata alipokuwa hai hakuweza. Aliwahi kujaribu, mwulizeni."

Hatukuuza. Tena hatukai tu tukingoja waje tena. Binti yangu, na mabinti wawili wa Zaliha, na wajukuu wenye kazi wamechanga, na tunapandisha ghorofa mbili wenyewe. Mhandisi amesema kuta za chokaa haziwezi kubeba zege, na ni kweli. Nguzo zitapita nje ya kuta zako, zizivuke bila kuzigusa, na vyumba vya wasichana vitakaa juu yake. Nondo zimepanda bei tangu tulipoanza kuuliza. Kontena linakaa bandarini na kila siku linayokaa linatutoza. Tutaishiwa, tutasimama, tutaendelea. Mjukuu wako mkubwa hana mchumba wala hatafuti, na ameshachagua chumba chake. Sikumuuliza mume atahamia lini. Siku hizi tunajenga kwanza.

Siku ya mwisho yule kijana mkubwa zaidi alisimama mlangoni, akajaribu mara ya mwisho kwa sauti ya mtu anayetuhurumia. "Mabibi, fikirini. Bei hii haitarudi. Mtakuja kujuta."

Zaliha alimfungulia lango vizuri ili apite.

"Mwanangu," alimwambia, "tukijuta, tutajutia kwetu."

Pumzika, Mama. Sisi hatuhami.

Binti yako